Nani Atamkanda Neema

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imewahi kabla sijafunika turubai. Dagaa wamelowa, nimewaanika upya mchana wote. Mkono wa kulia unatetemeka. Mteja kaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo.

Neema kapita mwaloni, hapa ufukweni tunapouzia dagaa, akitoka kliniki. Tumbo limeshuka, wiki hii au ijayo. Shikamoo yake kaitolea mbali, kule kwenye magunia. Kasema akijifungua, mama mkwe wake atavuka ziwa kutoka Kamanga aje kumkanda. Mimi mama yake mzazi nipo hapa hapa mjini, mwanangu ni huyo huyo mmoja, halafu maji ya moto ya uzazi akapashiwe na mkwe. Nikamjibu sawa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Jioni nikaenda kunywa.

Jumanne, 4 Machi
Kichwa. Neema hajakosea, na hapo ndipo panaponiuma. Kwa mikono hii ningemuunguza.

Nesi wa zahanati aliwahi kuniambia kuna watu wanaoacha pombe, wanakutana Alhamisi jioni kwenye madarasa ya shule ya msingi. Nilimnunia sana. Leo nimemrudia mwenyewe nimuulize darasa lipi. Hajui.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu gani hii.

Nimekuta darasa lina watu wamekaa duara. Nikaingia, nikakaa. Mwenyekiti akafungua kwa sala, akaomba wageni tujitambulishe. Nikasimama. Nikasema naitwa Veronika, nauza dagaa, pombe imenishinda. Mwenyekiti, mtu mpole kweli, akasema, "Pole sana, mama. Sasa wewe uko upande wa bwana harusi au bibi harusi?"

Kikao cha harusi. Kutoka nikashindwa, mlango uko mgongoni kwa mwenyekiti. Nikakaa mpaka mwisho kama ndugu. Katibu alifika amechelewa, hakunisikia. Wakati wa kugawa kazi akaniweka kamati ya vinywaji.

Getini akanifuata mama mmoja wa kamati ya mapishi, Bi Rehema. Harusi ni ya mpwa wake. Akaninong'oneza, "Kikao chetu ni darasa la mwisho, kule kwenye tangi la maji. Leo kimeshaisha. Njoo Alhamisi." Kasema chetu. Akanipa na namba yake ya simu.

Nimecheka njia nzima mpaka watu wakanigeukia. Nyumbani nikalia. Sikunywa.

Jumamosi, 8 Machi
Jasho, kutapika, mashuka yamelowa. Bi Rehema kanishika mkono hadi zahanati. Anasema kitu hiki hakiachwi kwa ubabe, kina dawa zake. Nesi kanipa dawa na hakunikumbusha nilivyomnunia. Uji alioupika Bi Rehema una ndimu nyingi mno. Nimeumaliza.

Jumatano, 12 Machi
Neema kajifungua salama. Mtoto wa kike. Mume wake kanipigia nikiwa kwenye meza yangu. Mwaloni mzima wakapiga vigelegele. Jirani yangu wa meza akaleta gongo kwenye kikombe cha chai. Bibi apongezwe. Hana ubaya, ndivyo tunavyopongezana siku zote.

Nilikipokea. Nikakinusa. Nilikitaka, nisidanganye. Nikampigia Bi Rehema, kikombe kikiwa mkono wa pili. Hakunihubiria. Alinisimulia pilau ya harusi ya mpwa wake, juzi Jumapili, ilivyoungua, nani alilaumiwa, nani alinuna, akaizungusha hadithi mpaka jirani akachoka kusubiri, akakichukua kikombe akanywa yeye.

Mama mkwe kavuka na kivuko cha jioni. Mimi sijaitwa.

Alhamisi, 13 Machi
Darasa la mwisho. Madawati ni ya watoto wadogo, magoti hayaingii. Tulikuwa wachache. Zamu yangu ilipofika nikasema jina langu, nikasema pombe imenishinda. Hakuna aliyeniuliza niko upande wa nani.

Nikasema ninachotaka ni kumkanda mwanangu. Bi Rehema alikuwa anatazama ubaoni, kwenye herufi za watoto, ili nisione aibu.

Jumapili, 16 Machi
Nimekwenda kwa Neema, Nyakato, bila kuitwa. Nimebeba unga wa mtama na kanga mpya.

Mama mkwe kanifungulia. Mwanamke mwema, nilikuwa namchukia bure. Neema katoka chumbani polepole, akanisogelea hadi usoni. Shikamoo, mama. Najua alikuwa ananusa. Nikasimama nikamwacha anuse. Akatazama na mikono. Bado inatetemeka kidogo. Sikuificha.

Kumkanda bado, kasema. Maji ya moto ataendelea nayo mama mkwe. Iliniuma, nikasema sawa, na safari hii nilimaanisha. Halafu akasema maji ya mtoto yapo jikoni, kwenye beseni la bluu.

Nikalileta chumbani, nikatia kiwiko kwanza. Vuguvugu. Nikamshika mjukuu wangu kichwa na shingo, nikamwogesha taratibu. Ana nywele nyingi. Alilia kidogo, akanyamaza. Neema alikaa pembeni kitandani, macho kwangu, hapepesi. Nikaosha mikono ya mtoto, nikaosha miguu, nikamgeuza mgongo.

Nilipoinua macho kuomba kanga, Neema alikuwa amelala.