Majina Pembeni mwa Misemo

Vwawa, Jumamosi jioni

Aibu ya leo sijui nitaificha wapi. Nimesimama kwenye sherehe ya kumuaga Mama Tusa, jirani yangu aliyestaafu uuguzi, nikamsomea msemo mzuri kutoka kwenye kitabu changu cha misemo. Ukumbi ukapoa. Nilipokaa, akaniinamia taratibu: "Mwalimu, si ndiyo maneno uliyomzika nayo marehemu mume wangu mwaka jana?"

Salome angekuwepo, yasingetokea. Kila niliporudi kutoka msibani au harusini, mke wangu alikuwa anachukua penseli na kuandika pembeni mwa msemo jina la niliyemsomea, nisije nikaurudia. Huu ni mwaka wa pili tangu aondoke. Nasoma tu, hakuna anayeandika.

Nimekifungua kitabu sasa hivi. Mwandiko wake umejaa kila ukurasa: marehemu, maharusi, wastaafu wa nusu ya Mbozi. Nimechonga penseli, nikaandika "Mama Tusa" kwa mkono wangu. Herufi zimepinda.

Kisha nikatafuta jina la Salome, ingawa najua halimo. Siku ya kumzika nilikuwa nacho kitabu hiki mkononi, na sikuweza kusimama nimsomee.