Siku Tuliyopimwa kwa Saa

19 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba mwanangu hakuchoshi kuliko goti lenyewe. Mimi ni mzima, na leo nakuandikia nikiwa mwepesi wa moyo kuliko siku nyingi.

Uliuliza mambo ya kiwandani yameishaje. Nayapanga kama yalivyo kwenye shajara yangu, nisije nikayachanganya.

Tarehe 3 Juni meneja alituletea mtu mwenye saa, apime fundi mmoja anashona kola ngapi kwa saa moja, ndipo wapange malipo mapya. Akasimama nyuma ya jirani yangu wa mashine, tunayemwita Cherehani kwa kuwa hata mdomo wake haupumziki. Unajua mtu akisimamiwa. Alishona kama anayefukuzwa na mbwa, nasi tukampigia makofi, wajinga sisi! Wiki iliyofuata kasi ile ikawa kipimo cha kila mtu, kutwa nzima, na asiyefikia anakatwa mshahara. Hata yeye hakufikia. Alipolia, watu wakamwambia alie haraka haraka kama alivyoshona.

Mimi nilikuwa nawaza kupanga chumba changu tu. Kwa mshahara ule ningeendelea kubanana na wenzangu watatu, na mwanangu angebaki huko akikuita wewe mama, mimi akiniita anti.

Tulipolalamika tukaitwa kikao, na meneja alisema vipimo havidanganyi, na anayeona ugumu mlango uko wazi. Fundi mmoja akanyoosha mkono, akaomba kwa adabu upimaji urudiwe, ila safari hii kuanzia asubuhi hadi jioni: uzi ukikatika uhesabiwe, sindano ikivunjika, umeme ukipotea, na safari ya chooni pia. Meneja akauliza kwa kejeli kama na chafya zihesabiwe. Fundi akajibu kwamba kwa vumbi la vitambaa lililomo humo, hizo ndizo zianze. Watu wakaangua kicheko, hata mwenye saa.

Mbele ya kicheko kile meneja akakubali, upimaji ukarudiwa. Cherehani alishona kama mtu anayejua kesho atarudi kazini. Tarehe mosi Julai kipimo kikashushwa, na tulichokatwa kikarudishwa chote.

Sasa keti, Mama. Siku zote umenihimiza niinamishe kichwa nifanye kazi, maneno niwaachie wenye ubavu. Fundi yule alikuwa mimi. Baada ya kikao kile kila jioni niliondoka na mto wangu wa kiti, maana sikujua kama kesho ningeruhusiwa kuingia.

Jana nililipia chumba. Kina dirisha, bomba liko uani, na vitanda viwili vinaenea. Mwambie mwanangu nakuja Jumamosi kumchukua. Usimlazimishe kuniita mama, atazoea mwenyewe. Nawe funga mzigo, uje ukae nasi mwezi wa kwanza, asije akadhani amenyang'anywa bibi.

Wape salamu zangu wote wanaoniulizia, na goti ulipumzishe kwa ajili ya safari.

Ni mimi binti yako,
Fundi wa kola