Amri ya Mzee Waiswa

Nabuyonga, Mbale
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali yako na yale magoti, pokea hili kwanza: Zuhura ni mzima. Yuko hapa mbele yangu anakula chapati ya pili, na hiyo ya pili ilikuwa yangu. Jana kwenye simu kila nilipoanza kueleza ulilia zaidi, ndiyo maana nimeona niandike. Karatasi huwezi kuikatiza.

Picha aliyokuonyesha binti wa jirani, ile mwenzetu mmoja aliyoirusha mtandaoni, ni ya kweli. Zuhura ameloa chapachapa, amefunikwa blanketi. Ila picha haisemi alifikaje kwenye blanketi.

Jumamosi sisi wanafunzi tunaotoka Tanzania tulikwenda Jinja kutembea. Tulianzia makumbusho, chumba kimoja chenye ngoma, mitego ya samaki na kiti alichokalia mfalme fulani. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Waiswa, mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufu. Aliposikia tunakotoka alifurahi, akasema atatutembeza kwa Kiswahili. Mama, Kiswahili hicho alikiokota utotoni karibu na kambi ya jeshi, na inaonekana kambini hapakuwa na mtu wa kuomba kitu, ni kuamuru tu.

"Nyinyi wote! Kuja hapa! Simama! Angaria ngoma!"

Tukaangalia ngoma.

"Hapana gusa! Kwisha! Ngoma ingine, mbele!"

Huku Kiswahili wanakijua hivyo, kama lugha ya askari. Mimi nikinunua nyanya naitwa afande, na nahudumiwa upesi ili niondoke. Lakini Zuhura alishikwa na kicheko, akawa anamwigiza mzee nyuma ya mgongo: "Nyinyi wote! Piga chafya!" Nilimkanya kama kaka mkubwa, huku nami nacheka, kwa hiyo hakukanyika.

Mchana mzee akatupandisha mashua kwenda kuona pale Mto Nile unapotoka ziwani. Najua unavyoogopa maji. Kwetu Kondoa mto tunauvuka kwa miguu, viatu mkononi. Nilimvalisha Zuhura jaketi la kuelea, nikalifunga mwenyewe. Akalivua ili gauni lionekane kwenye picha.

Mara kenge akatokea juu ya jiwe, mrefu kama benchi la msikitini. Zuhura akasimama kumpiga picha. Wenzake nao wakasimama, wote upande uleule. Mashua ikainama, na Zuhura akamwagika nje kama maji ya beseni. Vidole tu ndivyo vilivyobaki kwenye ukingo. Wengine wakazidi kumkimbilia, na mashua ikazidi kuinama. Mimi nilipiga kelele. Sijui nilisema nini.

"Wote! Kaa chini!"

Mama, tulikaa. Mmoja alikalia sambusa zetu. Mashua ikanyooka.

"Wewe! Shika mbao! Hapana acha!"

"Siwezi, babu!"

"Shika!"

Akashika. Mimi na nahodha tukamvuta ndani. Mzee angetumia Kiswahili chetu, "jamani, naombeni mkae kidogo," angekuwa anaomba hadi leo.

Ufukweni alimletea blanketi lake na kikombe cha chai.

"Kunywa."

"Ndiyo, afande," Zuhura akajibu, meno yakigongana. Safari hii hakuwa anaigiza.

"Kunywa yote."

Akachuchumaa mbele yake mpaka kikombe kikaisha, kisha akakijaza tena. Sijasikia neno la upole kama hilo tangu tuondoke nyumbani.

Sasa, umesema Zuhura arudi wiki hii hii. Wewe ndiye mama, na sikatai. Nakuomba tu umwache amalize mwaka. Simu yake imezama, kwa hiyo hana tena cha kumsimamisha ndani ya mashua. Na jaketi, naapa, nitalifunga fundo.

Nisalimie shangazi Mwajuma mpika vitumbua na mjomba Shabani fundi baiskeli. Binti wa jirani naye msalimie, ila mwambie safari nyingine aanze na habari, picha ifuate. Zuhura anakuamkia, mdomo umejaa.

Tulipoagana nilimwambia Mzee Waiswa kwamba mama yetu atasikia na atalia. Alivua kofia, akajibu kwa Kiswahili kilekile alichonacho.

"Ambia mama: hapana lia. Mtoto iko. Kwisha."

Hiyo ni amri, mama. Mimi nimeifikisha tu.

Mwanao,
Idrisa