Baraka Bila Chafya

S.L.P. 41,
Molo.
19 Agosti 2007

Mpendwa binti yangu Cheptanui,

Salamu nyingi kutoka huku baridini mpaka huko kwenu Lodwar kwenye jua. Afya iko namna gani? Na hao watoto unaofundisha? Sisi ni wazima, na mimi ndiye mzima kushinda wote. Barua hii nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mvua imenyesha hapa Sachangwan mpaka basi. Pareto yangu inashinda ya majirani wote, uliza mtu yeyote.

Sasa, nimesikia unatafuta mzee mwingine wa kubariki siku ya koito yako, wakwe wakija kuposa. Usikatae, nimesikia. Ni kwa sababu kwa koito ya dada yako Jelagat nilishikwa na chafya, na kwetu mzee akipiga chafya, baraka inaanzwa upya. Ilianzwa upya mpaka chai ikapoa, wakampa mtu mwingine. Haya. Lakini marehemu baba yako alikuacha kwangu, si kwa huyo mwingine.

Basi nikakubali kwenda kliniki, mama yako mkubwa Jepkemboi akinifuata nyuma kama askari. Sista Adero akasema hiyo ni aleji, anataka kupima vile inasumbua maisha yangu. Kumbe maisha inapimwa! Anauliza, unajibu kwa namba, sifuri mpaka sita. Kueleza alieleza, lakini mimi nilikuwa nabishana na jirani yetu Gachanja pale kwa benchi.

Gachanja alikuwa amepimwa kwanza, yote moja, mbili. Nikamwambia, "Wewe hata shule ulikuwa hivyo hivyo!" Mimi usingizi, sita. Kazi ya shamba, sita. Kuongea mbele ya watu, sita!

Sista akaweka kalamu chini. "Pole sana, mzee. Kwa hivyo hulali kabisa?"

Kumbe sita ndiyo kusumbuka zaidi! Nikamwambia afute yote. Jepkemboi akaruka: "Usifute, sista. Hata angeelewa, jibu ni hiyo. Huyu analala amekaa kwa kiti."

Gachanja alicheka mpaka akashika ukuta. "Nambari wani, arap Sigei!" Acheke. Wa kwanza ni wa kwanza, na dawa ya kupuliza puani nilipewa mimi.

Sista akauliza maua ya pareto nakausha wapi. Chini ya kitanda, nikasema, mvua haifiki. Alinitazama sana. Nimeyahamisha kwa stoo. Jepkemboi anasema ameniambia hivyo miaka mingi. Mimi sikumbuki.

Siku hizi nalala nimenyooka. Jana nilisimama kwa boma la ng'ombe nikasema baraka yako yote, mwanzo mpaka mwisho, mama yako mkubwa akiitikia. Pua kavu kabisa. Nilipomaliza alikuwa anapangusa macho, na yeye hana aleji.

Kwa hivyo lete wakwe mwezi wa kumi na mbili, kabla ya kura. Huyo mzee mwingine mwambie apumzike.

Jepkemboi anakusalimu, Jelagat pia, hata Gachanja. Mungu akuchunge barabarani mpaka ufike nyumbani.

Ni mimi baba yako mkubwa akupendaye, na ambaye pua yake iko tayari,
Bethwel arap Sigei