Mama, Zile Karanga Hazikuzuiwa

Mama yangu Bi Somoe,

Shikamoo. Ulipokuwa hai nilikuwa nakukatisha kila ukianza kuniambia habari za kiwandani, na leo ndiyo nakutafuta unisikilize. Nimeharibu, Mama. Kuna pakiti za unga wa lishe zimetoka kiwandani kwetu Mikocheni zikiwa na karanga mbovu ndani, na kuna mtoto huko Kimbiji, simjui hata jina, anakorogewa uji wa unga huo. Habari ya karanga hizo nilikuwa nayo mie.

Unaikumbuka saa nne yako? Sinia kichwani, chupa mbili za chai ya tangawizi mikononi, maandazi yamefunikwa kitambaa. Unaanzia getini kwa mlinzi, unakwenda stoo, unaingia kwenye vinu, unapita kwa wafungashaji, mauzo, maabara, unamalizia ofisini kwa bosi. Kila mlango unamimina halafu unasimama mpaka mtu amalize, kwa sababu vikombe vilikuwa vichache na unavihitaji mlango unaofuata. Watu wakinywa wanasema. Deo wa stoo anakwambia mahindi ya leo yameingia na unyevu, na wewe ukifika kwenye vinu unawaambia Deo anayalalamikia mahindi. Watu wa mauzo wanasema duka la Temeke limerudisha pakiti zilizofumuka, kesho yake wafungashaji washajua. Tulikuita mbea, tukacheka. Lakini hukubebaga ya ndoa za watu wewe, ulibeba ya kazi.

Siku moja nilikuwa bado mgeni maabara, naringa na diploma yangu, ukaingia ukaweka kikombe ukasema watu wa vinu wanasikia harufu ya ukungu kwenye karanga. Niliona haya mbele ya wenzangu. Nikakunong'oneza kwamba mambo ya vipimo utuachie sie. Ukacheka tu.

"Basi pimeni, mwanangu. Wale hawana cheti, lakini wao ndio wanaoshinda nazo puani."

Tukapima, magunia mawili yakarudishwa kwa aliyetuuzia. Bwana Murtaza, bosi wetu, alikuja mwenyewe kutushukuru, na zile shukrani nilizipokea peke yangu. Sikukutaja.

Halafu nikafanya lile ambalo hukunilaumu hata siku moja. Niliandika pendekezo kwamba chai ya mzunguko inapoteza muda, kila idara ipewe birika lake la umeme, na habari zipite kwenye makundi ya simu, kila idara na kundi lake. Ripoti ziandikwe, zitumwe, zihifadhiwe. Bwana Murtaza akalisoma akaniuliza kitu kimoja tu, "Na mama yako?" Nikasema miguu inamsumbua, atafurahi kupumzika. Yaani nilikusemea bila kukuuliza! Ulipoambiwa, ukaosha vikombe vyote, ukavipanga kabatini, ukarudi nyumbani. Nikirudi jioni unaniuliza kama Deo hajambo, kama mahindi yamekuja makavu. Nilikuwa nakujibu huku natazama simu. Mwaka haukuisha, tukakuzika.

Mwanzoni mambo yalikwenda, nisiseme uongo. Makundi yalijaa picha na majedwali, na wageni wakija bosi anawaonyesha kwa fahari. Ikazuka na desturi yetu: ukitumiwa kitu unajibu "nimeona". Ukishajibu nimeona, umemaliza kazi.

Wiki tatu zilizopita nilipima karanga mpya nikakuta sumukuvu imezidi kiwango. Wewe ungeniuliza ndiyo nini hiyo. Ni sumu inayoletwa na ukungu, Mama. Huioni, huionji, uji uchemke utakavyochemka haitoki, na mtoto akiila siku nyingi inamharibu ini na kumdumaza. Nikaandika "Zizuiwe" kwa herufi kubwa, nikatuma kwenye kundi la ubora. Mle tuko wanne, wote wa maabara. Wakajibu nimeona, nimeona, nimeona. Nami nikafunga simu nikaenda kula wali wangu.

Deo hayumo kwenye kundi la ubora. Deo yumo kwenye kundi la stoo, na stoo ni hatua arobaini kutoka mlango wangu. Utaratibu nilioandika mwenyewe unasema kama hakuna zuio mpaka saa kumi jioni, mzigo utoke stoo kwenda kwenye vinu. Alisubiri mpaka saa kumi, hakuona kitu, akautoa. Hana kosa. Nilikuja kujua wiki hii, nilipopita stoo kwa shughuli nyingine nikamuuliza zile karanga zilirudishwa lini.

"Karanga zipi, dada? Mbona tulishasaga."

Nikakaa chini palepale sakafuni. Deo akadhani presha, akakimbilia maji.

Bwana Murtaza si mtu mbaya, wewe unamjua kuliko mie. Nilipomweleza, aliita madereva palepale. Akatoa magari siku ileile, Kinondoni, Ukonga, Temeke, na katoni zikarudi moja baada ya nyingine, pakiti zote zimo. Iliyobaki ilikuwa moja, ya Kimbiji. Hiyo niliifuata mwenyewe. Mwenye duka, dada mmoja mpole, alinirudishia pakiti tano. Saba zilikuwa zimenunuliwa kwa mkupuo na mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, anatokea mashambani huko ndani. Jina hamjui. Anachokumbuka ni kwamba yule mama alisema mtoto wake amekataa kila kitu, ila unga wetu anaupenda sana.

Anaupenda, Mama! Nilizunguka kwenye mihogo ya watu mpaka kiatu kikakatika, nauliza kila nyumba, kila mtu ananionyesha mtoto wake na si yeye. Nilirudi mjini pekupeku, nalia, na watu wananitazama.

Jana nikamwomba bosi tutangaze. Akasema kuna kikao cha wakuu wa idara Jumatatu, tulipime jambo hili kwanza, na mpaka hapo habari isivuke geti. Hakuniamuru, aliniomba. "Binti, kila aliye humu ndani ana watu nyuma yake wanaokula kwa kiwanda hiki." Najua. Deo ana watoto wanne. Nikaondoka, na tangu hapo sijatulia. Jumatatu ni siku tatu, na siku tatu kwa mtoto anayependa uji ni mabakuli mangapi? Naogopa, Mama. Naogopa kufukuzwa, naogopa polisi, naogopa macho ya wenzangu wakikosa kazi kwa sababu yangu. Natamani unifokee. Ulikuwa na haki ya kunifokea miaka yote ile na hukuitumia, na sasa ndiyo ninaihitaji na sina pa kuipata.

Barua hii nimeitoa nakala. Moja nimeiacha mezani kwa Bwana Murtaza alfajiri ya leo, asije akaisikia kwa watu. Nyingine nimewapelekea wakaguzi wa chakula, nyingine zahanati, na hapa Kimbiji nimeibandika mlangoni pa duka. Imamu amekubali kuisoma baada ya swala, na kanisani nimeahidiwa Jumapili. Mungu akulaze pema, mama yangu. Niwie radhi kwa vikombe vile, na niwie radhi kwamba maneno yaliyobaki si yako, ni ya mama mwenzio.

Wewe dada uliyenunua pakiti saba za unga wa lishe wenye lebo ya kijani hapa dukani, tafadhali, usimpe mtoto tena. Usimpe mtu, usiwape kuku. Kama ameshakula, mlete zahanati leo, hata kama anacheza na kucheka, na uwaambie alikula unga gani na kwa siku ngapi. Asitokee mtu wa kukwambia ulikosea kupika au kuchagua. Hukukosea. Aliyekosea ni mie, nilijua nikanyamaza nikidhani nimesema. Nimekaa kwenye benchi la hapa dukani tangu asubuhi, nimevaa dera la bluu, na kesho nitakuwepo, na keshokutwa. Njoo unitukane unavyotaka. Ila njoo naye.

Mimi,
mtoto wa Bi Somoe