Valvu ya Redio ya Gari

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Ukiona mawingu, anua nguo. Mimi nimekwenda kwenye ibada.

~~Hilo boksi la gitaa lipeleke stoo.~~ Liache hapo mezani.

Asubuhi ulikatiza gitaa, ukazima pedali, hilo boksi lako la kukwaruzisha sauti, ukafungasha kila kitu, ukatoka umenuna. Ulidhani nakukemea niliposema kule chumbani, "Geuka bwana, lalia ubavu." Sikuwa nikisema na wewe.

Zile valvu mbili, vile vitaa vya kioo ulivyong'oa kwenye redio ya sebuleni, achana nazo. Zimezoea umeme wa ukutani, ukizipa kibetri chako zinalia kama mbu. Kwenye boksi funga ile ya tatu, ya redio ya gari la marehemu baba yako. Hiyo tangu mwanzo ilikuwa ya betri, volti kumi na mbili zinaitosha. Kesho jukwaani tumia hiyo hiyo, usiniogope eti ni kumbukumbu.

Maana asubuhi ulipopiga gitaa kwa valvu hiyo nilikuwa bado na usingizi, nayo ikakoroma vile vile alivyokuwa akikoroma yeye, Mungu amrehemu. Nikamwambia ageuke, na kiwiko nikampiga.

Mama yako