Nakala Ambayo Haikuamka

Taebaek,
19 Februari

Dada yangu mpendwa Yun-ha,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji. Natumaini wewe, shemeji na mtoto hamjambo, na kwamba lile jino lililomkosesha usingizi limekwisha kutoka. Mimi mwili ni mzima. Habari za moyo hazielezeki kwenye simu, ndiyo maana sikupokea simu zako wiki nzima. Nisamehe.

Unaijua kazi yetu: magari sita ya Bi Tak yanayowachukua wagonjwa wa figo majumbani, yanawapeleka kusafishwa damu na kuwarudisha. Ni watu arobaini na wanne, wengi wao wazee wanaoishi peke yao tangu migodi ifungwe. Majina, njia, saa na simu zao vilikuwa kwenye kompyuta kubwa iliyo chini ya ngazi. Ni sanduku moja, lakini ndani yake zilikaa mashine pepe tatu, yaani kompyuta za programu tu: moja ya ratiba, moja ya simu, moja ya mishahara. Sanduku likifa, zote tatu zinakufa nalo. Vuli iliyopita Bi Tak aliniita akaniambia, "Yun-jeong, nipangie kitu. Nataka hata hii ofisi ikiungua Jumatatu, Jumanne watu wangu wachukuliwe."

Nikapanga, dada. Kila jioni nakala nzima ya mashine zote iingie kwenye diski ya ofisini, na nyingine iende kwenye duka la dawa la mumewe, ng'ambo ya barabara. Kila mwezi nichukue nakala moja, niiamshe kwenye kompyuta ya pembeni nione kama kweli inainuka, kisha nijaze fomu. Bi Tak aliubandika mpango ule ukutani kama cheti. Mzee Pyo, dereva wetu wa miaka sitini na sita, akanitania, "Fundi Ma siku hizi ana mashine za akiba. Basi nitafutie na mgongo wa akiba."

Jumatano iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mzee Pyo alifika wa kwanza. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, akachomeka hita chini ya ngazi, soketi moja na kompyuta. Umeme ukapiga cheche, ukakatika. Nilipofika nilikuta harufu ya kuungua, kompyuta imekufa, na madereva sita wamesimama, wananitazama mimi.

Nilichukua diski ya ofisini. Mashine ya ratiba haikuamka. Nikavuka barabara mbio, nikamgongea mume wa Bi Tak, nikachukua ile ya dukani. Nayo haikuamka. Simu za ofisi kimya.

Mzee Pyo ndiye aliyesema, "Tulieni. Hawa watu si tunawajua? Mimi ninaye yule bibi mwenye mbwa asiyebweka." Mwingine akadakia, "Na mimi yule babu anayeficha sigara kwenye soksi." "Anaficha wapi? Kwangu anaomba kiberiti waziwazi!" Walicheka, dada. Hata saa ile walicheka, na mimi naandika majina kwenye karatasi. Kufikia saa tatu, arobaini na watatu walikuwa wamepatikana.

Aliyebaki ni Bibi Gu. Jumatatu alikuwa amehamia kwa mpwa wake. Jumanne alinipigia simu mwenyewe kunielekeza njia, na mimi nikaiandika moja kwa moja kwenye ratiba huku natafuna mkate. Nilikumbuka kwamba alinishukuru mara mbili. Njia sikuikumbuka. Kliniki walikuwa na anwani ya zamani tu. Mzee Pyo alikwenda huko, akagonga nyumba tupu, kisha akazunguka mtaa kwa mtaa akiita jina lake.

Bibi Gu alikaa nje ya mlango wa mpwa wake tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Mpwa alikuwa kazini. Alitupigia, simu haikuita. Jirani akamsihi aingie ndani, naye akajibu, "Watakuja tu. Nikiingia watanitafuta, nitawachelewesha wenzangu." Jirani aliporudi kumtazama, alimkuta ameanguka kwenye theluji. Sasa yuko wodi ya mahututi. Maji yamejaa mapafuni, na mashine ndiyo inampumulia.

Mzee Pyo amesimamishwa kazi. Kila siku anakwenda hospitali kumwinamia mpwa wa Bibi Gu kumwomba radhi, na mpwa hamtazami. Juzi alikuja ofisini kurudisha funguo za gari. Akanieleza polepole nani ashikwe mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia una mshipa wa sindano, na nani haambiwi "haraka". Kisha akasema, "Usijitese, binti. Mpango wako ulikuwa mzuri. Nimeuharibu mimi na baridi yangu."

Dada, sasa nikuambie. Mpango ulikuwa umekufa kabla ya hita ile. Mwezi wa Januari niliijaribu nakala ya ratiba, haikuamka. Diski zote mbili zilikuwa zimejaa, nakala zinakatikia njiani. Ilikuwa kazi ya saa tatu kurekebisha. Lakini ilikuwa mkesha wa Mwaka Mpya wetu wa mwezi mwandamo, treni yangu ya kuja kwenu inaondoka saa nane. Nikajaza kwenye fomu: "Imeamka salama." Niliporudi nilisema kesho, na kesho nikasema kesho. Na Bi Tak aliponiuliza imekuwaje hata nakala ya dukani imeharibika, nilimwambia umeme wa hita ulipita kwenye waya wa mtandao ukaziunguza zote. Uongo ule niliusema mbele ya Mzee Pyo, naye akainamisha kichwa.

Usijilaumu kwa kunialika. Treni haikunishika mkono nikiandika.

Jana nilimkabidhi Bi Tak fomu na ukweli wake. Hakunifokea, na ningeshukuru angenifokea. Aliisoma mara mbili, akaubandua mpango ukutani, akaniambia nisirudi. Kisha nikaenda kwa Mzee Pyo, nikapiga magoti mlangoni. "Mimi nitarudi kwenye gari," akasema. "Usinililie mimi. Kamwambie bibi mwenyewe. Wanasema wasiofungua macho wanasikia."

Mama usimwambie bado, nitamwambia kwa mdomo wangu. Msalimie shemeji, na umbusu mtoto kwenye visigino anapopenda. Usije huku, nikikuona nitavunjika, na sasa sitakiwi kuvunjika.

Ninaandika kwenye benchi la korido ya hospitali, ndiyo maana mwandiko umepinda. Saa ya kuwaona wagonjwa imefika. Muuguzi ametoka na daftari, ameniuliza mimi ni nani kwa Bibi Gu. Anasubiri jibu.

Mdogo wako,
Ma Yun-jeong